Valvu Inayovuja: Historia ya Tiba ya Moyo Kutoka Ujiji Hadi Muhimbili

Historia ya upasuaji wa valvu za moyo huandikwa kwa kawaida kana kwamba ni mali ya miji michache ya Ulaya na Marekani, kwa kuwa huko ndiko zilikoundwa mashine, pete na valvu bandia za kwanza; lakini wagonjwa wengi wa valvu katika karne hii hawaishi katika miji hiyo, bali wanaishi mahali kama Ujiji, Kigoma na vijiji vilivyotawanyika kando ya Ziwa Tanganyika. Sura hii inaitazama historia hiyo kutoka ufukweni mwa ziwa. Hoja yake ni kwamba, kwa mgonjwa anayeishi mbali na hospitali kubwa, kurekebishwa kwa valvu yake mwenyewe kuna faida kubwa kuliko kuwekewa valvu ya chuma, na kwamba uwezekano wa kuirekebisha huamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla mgonjwa hajafika kwa daktari wa upasuaji, yaani katika zahanati, shuleni na nyumbani, kulingana na jinsi ugonjwa ulivyowahiwa au ulivyochelewa kutambuliwa.

Moyo wa binadamu una vyumba vinne na valvu nne, ambazo wauguzi na wagonjwa wengi nchini Tanzania huziita pia milango ya moyo. Valvu inayoshambuliwa zaidi ni ile iitwayo mitrali, iliyoko upande wa kushoto, kati ya chumba cha juu kinachopokea damu kutoka mapafuni na chumba cha chini kinachoisukuma damu hiyo kwenda mwili mzima kupitia mshipa mkuu uitwao aota. Mitrali ina vipande viwili vya utando mwembamba vilivyofungwa kwa nyuzi imara kwenye misuli ya ndani ya moyo, na kazi ya nyuzi hizo ni kuuzuia utando usifyatuke kuelekea juu pale chumba cha chini kinapojikaza, kama kamba zinavyolishika tanga la jahazi upepo unapovuma. Moyo hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, na katika kila pigo valvu hii hufunguka na kufunga. Inaposhindwa kufunga sawasawa, sehemu ya damu hurudi ilikotoka, na chumba cha chini hulazimika kuisukuma tena pamoja na damu mpya iliyoingia. Kwa miaka kadhaa moyo huustahimili mzigo huo kwa kutanuka, na mgonjwa huenda asihisi jambo lolote. Baadaye pumzi huanza kumpaa anapopanda mlima au kubeba mzigo, kisha hushindwa kulala chali, miguu huvimba, mapigo hupoteza mpangilio wake na mapafu hujaa maji. Hatari kubwa ya ugonjwa huu ni kwamba misuli ya moyo inaweza kuharibika katika kipindi kilekile ambacho mgonjwa bado anajiona mzima.

Katika nchi tajiri valvu hii huvuja zaidi kwa wazee, kwa sababu ya kuchakaa kwa utando au kukatika kwa nyuzi. Katika Afrika Mashariki chanzo kikuu kwa vijana ni homa ya baridi yabisi, ambayo huwapata hasa watoto wa miaka 5 hadi 15. Huanza kwa maumivu ya koo, yaani mafindofindo yanayosababishwa na bakteria aina ya streptokoka. Kinga ya mwili inapopambana na bakteria hao hutengeneza askari ambao, kwa kuwa maumbile ya bakteria yanafanana kiasi na tishu za moyo, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Wiki mbili au tatu baadaye mtoto hupata homa, na viungo vikubwa kama magoti na viwiko huvimba kwa zamu kisha hupoa, lakini uvimbe ulioingia katika valvu huacha kovu. Homa ikijirudia mara kwa mara, kovu huongezeka, utando hunenepa na kufupika, nyuzi hushikamana, na valvu huanza kuvuja, au kuziba, au kufanya yote mawili kwa pamoja. Ugonjwa huu hustawi mahali ambapo watu wengi hulala chumba kimoja na ambapo mafindofindo ya mtoto huachwa yapone yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba vifo vinavyotokana nao kila mwaka duniani vinazidi 300,000.

Kwa muda mrefu hapakuwa na njia ya kumtambua mgonjwa wa namna hiyo akiwa hai, mpaka mwaka 1816 daktari Mfaransa René Laennec alipobuni stetoskopu mjini Paris na kuwawezesha matabibu kusikia mvumo ambao damu huutoa inapopita katika valvu mbovu. Chombo hicho kilipokewa kwa mashaka, na ushahidi mmoja wa mashaka hayo unaihusu Ujiji kwa njia isiyotarajiwa. David Livingstone, aliyesomea udaktari Glasgow na kupata leseni yake mwaka 1840, aliandika baadaye kwamba mtihani wake ulikuwa mgumu na mrefu kuliko kawaida, kwa sababu tasnifu yake ilihusu ugonjwa uliohitaji kutambuliwa kwa stetoskopu, na yeye na watahini wake hawakukubaliana kama chombo hicho kiliweza kufanya kazi iliyodaiwa. Mtu huyo ndiye aliyefika Ujiji mwezi Machi 1869 akiwa amebebwa kwa machela, mgonjwa wa nimonia, baada ya sanduku lake la dawa kuibwa njiani miaka miwili kabla. Daktari aliyeshindana na watahini wake kuhusu namna ya kusikiliza kifua cha mgonjwa aliingia katika mji wa ziwani bila dawa ya kumtibu mtu yeyote, pamoja na yeye mwenyewe.

Ujiji ya wakati huo ilikuwa mji wa soko na bandari ya mitumbwi, ambapo Waha na Wajiji walikutana na Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa pwani, na ambapo pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani walipitishwa kuelekea Tabora na Bagamoyo. Umbali kati ya mji huo na pwani ulipimwa kwa miezi: Richard Burton na John Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 na kufika Ujiji Februari 1858, na Henry Morton Stanley, aliyetoka Bagamoyo mwanzoni mwa mwaka 1871, alimfikia Livingstone pale Ujiji karibu na mwisho wa mwaka huohuo. Miongoni mwa watu waliomtafutia Stanley wapagazi alikuwamo kijana Mhindi wa Bagamoyo ambaye wanahistoria humtambua kuwa ni Sewa Haji Paroo. Kijana huyo alitajirika kwa kuuzia na kuandalia misafara ya bara mahitaji yake, na kabla ya kufa kwake mwaka 1897 alitoa sehemu ya mali yake kwa ajili ya hospitali ya Dar es Salaam iliyopewa jina lake. Hospitali ya Sewa Haji ndiyo chimbuko la Princess Margaret Hospital ya mwaka 1956, na baada ya uhuru ndiyo iliyokuja kuwa Muhimbili. Kwa hiyo mahali ambapo mgonjwa wa valvu kutoka Kigoma anapasuliwa leo pana asili katika utajiri uliochumwa kwenye njia ya misafara ya Ujiji, na deni hilo la pwani kwa watu wa bara, waliobeba mizigo hiyo mabegani, lilichukua zaidi ya karne moja kuanza kulipwa kwa namna ya tiba.

Tiba ya kisasa kando ya ziwa ilianza kwa wamisionari, na mganga aliyedumu kuliko wote hakuwa Mzungu. Adrien Atiman alizaliwa katika nchi ya Mto Niger karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe katika jangwa la Algeria, na akasomeshwa udaktari huko Malta. Alifika Karema, upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika kusini mwa Ujiji, mwishoni mwa miaka ya 1880, akatibu watu hapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Maisha yake ya kazi yalienea karibu kipindi chote ambacho upasuaji wa moyo ulitoka katika hali ya kudhaniwa kuwa hauwezekani hadi kuwa jambo la kufanyika hospitalini; lakini mapinduzi hayo yalitokea mbali na Karema, na mgonjwa wa pale aliyekuwa akihema kwa shida hakuwa na pa kwenda.

Wakati huo serikali ya kikoloni iliitazama afya ya ukanda wa ziwa kwa jicho la magonjwa yaliyotishia nguvu kazi na utawala wake, hususan malale, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 iliwafanya Wajerumani waweke kambi za wagonjwa kando ya ziwa. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Tabora mwaka 1912, ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na kwa mara ya kwanza safari ya miezi ikawa safari ya siku. Kwa nadharia, mgonjwa wa Ujiji aliweza sasa kuifikia hospitali ya pwani, ingawa hospitali hiyo nayo haikuwa na la kumfanyia moyo wake. Zaidi ya hayo, madaktari wengi wa kikoloni waliamini kwamba homa ya baridi yabisi ni ugonjwa wa nchi za baridi usioonekana sana katika tropiki. Imani hiyo haikutokana na uchunguzi wa kutosha: mtoto aliyeumwa viungo kwa wiki mbili na kupona hakuletwa hospitalini, na mtu mzima aliyevimba miguu miaka 15 baadaye aliandikiwa ugonjwa mwingine. Ni katikati ya karne ya 20, madaktari wa Mulago mjini Kampala na wa miji mingine ya Afrika walipoanza kuchunguza mioyo ya marehemu na kuwafuatilia wagonjwa wao kwa makini, ndipo ilipodhihirika kwamba ugonjwa wa valvu ulikuwapo kwa wingi. Daktari J. N. P. Davies wa Mulago, aliyechunguza maiti hizo, alieleza mwaka 1948 hata ugonjwa mwingine wa moyo unaoathiri valvu, ambao huufanya utando wa ndani wa moyo kuwa mgumu kama kovu.

Wakati Afrika ikianza kuwaona wagonjwa wake, madaktari wa upasuaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakijaribu kuufikia moyo wenyewe. Mwaka 1923 Elliott Cutler wa Boston aliipasua mitrali iliyoziba ya msichana wa miaka 12, aliyeishi miaka kadhaa baadaye, lakini wagonjwa waliomfuata karibu wote walikufa na kazi hiyo ikasimama. Mwaka 1925 Henry Souttar wa London alipitisha kidole chake ndani ya moyo wa msichana unaodunda ili aguse valvu iliyodhaniwa kuwa imeziba, akahisi kwamba damu ilikuwa ikirudi nyuma kwa nguvu, maana yake valvu ilikuwa ikivuja zaidi ya kuziba. Akaacha kuikata, akaitanua kwa kidole tu, na msichana akapona. Hata hivyo madaktari wa magonjwa ya ndani hawakumpelekea mgonjwa mwingine, kwa kuwa waliamini kwamba ubaya uko katika misuli ya moyo na si katika valvu. Tukio hilo linaonyesha jambo ambalo historia nzima ya tiba hii imelithibitisha, kwamba mkono wa daktari wa upasuaji hauwezi kufanya kazi pasipo daktari mwingine aliyemtambua mgonjwa na kuamua kumpeleka kwake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mwaka 1948, Charles Bailey wa Philadelphia, Dwight Harken wa Boston na Russell Brock wa London walifanikiwa, kila mmoja kwa wakati wake, kufungua mitrali zilizoziba kwa njia hiyo ya kidole na kisu kidogo.

Valvu inayovuja ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu iliyoziba inaweza kufunguliwa kwa kupapasa, lakini inayovuja lazima ionekane kwa macho, na haiwezi kuonekana wakati moyo umejaa damu na unadunda. Suluhisho lilikuwa mashine ya moyo na mapafu, ambayo huitoa damu katika mishipa mikubwa kabla haijaingia moyoni, huitia oksijeni na kuirudisha mwilini, ili moyo uweze kusimamishwa na kufunguliwa. John Gibbon aliitumia kwa mafanikio ya kwanza mjini Philadelphia tarehe 6 Mei 1953. Mwaka 1957 C. Walton Lillehei na wenzake wa Minnesota waliripoti kurekebisha mitrali zinazovuja kwa kuzitazama moja kwa moja na kulikaza kwa nyuzi duara ambamo utando wa valvu umeshikizwa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1960, Albert Starr wa Portland, akishirikiana na mhandisi mstaafu Lowell Edwards, aliweka mahali pa mitrali valvu bandia iliyokuwa na kigololo ndani ya kizimba cha chuma, na kwa miaka mingi baada ya hapo ilionekana kwamba kubadilisha valvu ndilo jibu la kudumu, kwa kuwa ni kazi inayofundishika kwa urahisi na matokeo yake chumbani mwa upasuaji hayana mashaka.

Mtu aliyerudisha heshima ya marekebisho ni Alain Carpentier wa Paris, ambaye kuanzia mwaka 1968 alitumia pete iliyoundwa kufuata umbo la asili la mitrali, na ambaye mwaka 1983 alichapisha kwa ukamilifu mfumo wake wa kuichunguza valvu kipande kwa kipande na kuponya kila kasoro kwa mbinu yake. Katika mfumo huo daktari hufungua kifua kupitia mfupa wa kati, humuunganisha mgonjwa na mashine, huusimamisha moyo kwa maji baridi yenye potasiamu, kisha hufungua chumba cha juu cha kushoto na kujiuliza swali moja: utando unaenda kiasi gani? Ukienda kawaida lakini duara limepanuka, pete hutosha. Ukienda kupita kiasi kwa sababu nyuzi zimekatika, sehemu iliyolegea hukatwa au nyuzi bandia hushonwa. Na ukiwa hauendi vya kutosha kwa sababu ya makovu, kama ilivyo katika ugonjwa wa baridi yabisi, sehemu zilizoshikamana hutenganishwa, utando mnene huchongwa, na pale ulipofupika huongezwa kiraka kilichokatwa katika utando wa mgonjwa mwenyewe unaouzunguka moyo. Kabla ya kufunga, maji ya chumvi humiminwa ndani ya chumba cha chini ili kuona kama valvu inafunga, na moyo ukishaanza kudunda tena picha ya mawimbi ya sauti, yaani eko, huthibitisha kwamba kuvuja kumekoma.

Kundi hilo la mwisho, la makovu, ndilo gumu kuliko yote, na ndilo la Afrika. Katika miaka ya 1980 Manuel Antunes na wenzake wa Johannesburg, kabla hajahamia Ureno, waliwafanyia marekebisho vijana wengi wenye ugonjwa wa baridi yabisi, wakaonyesha kwamba inawezekana, lakini pia kwamba baadhi ya valvu huharibika tena baada ya miaka, hasa homa inapoendelea kurudi. Somo hilo halikuupunguzia upasuaji thamani yake. Liliweka wazi kwamba valvu iliyorekebishwa hudumu iwapo mgonjwa ataendelea kukingwa dhidi ya homa mpya, na kwamba valvu iliyofika mapema, kabla kovu halijawa gumu kama mfupa, ndiyo inayokubali sindano na uzi.

Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Afrika Mashariki kwa hatua za kusuasua. Nairobi ilianza katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mwaka 1973. Uganda ilianzisha taasisi yake ya moyo mwaka 1988. Na mwaka 2007 shirika la Italia liitwalo Emergency lilifungua Khartoum hospitali ya Salam, iliyowatibu bila malipo wagonjwa wa valvu kutoka nchi nyingi za Afrika. Tanzania kwa miaka mingi iliwapeleka wagonjwa wake nje, hasa India, na kwa kuwa gharama ya mgonjwa mmoja ilikuwa kubwa, waliosafiri walikuwa wachache waliochaguliwa kati ya wengi waliongoja, na mgonjwa wa Kigoma alihitaji kwanza kufika Muhimbili ili jina lake liingie katika orodha. Mwezi Mei 2008 upasuaji wa moyo ulianza kufanyika Muhimbili, na mwaka 2015, katika jengo lililojengwa kwa msaada wa serikali ya China, kitengo hicho kikawa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, chini ya uongozi wa Profesa Mohamed Janabi, na baada yake Daktari Peter Kisenge. Tangu hapo marekebisho na ubadilishaji wa valvu vimekuwa kazi inayofanywa na madaktari Watanzania katika nchi yao, mara nyingi pamoja na wageni wanaokuja kufundisha. Kwamba kazi hiyo ina wagonjwa wa kutosha ilionekana katika utafiti uliofanywa Muhimbili na Abel Makubi na wenzake na kuchapishwa mwaka 2014, ambapo ugonjwa wa baridi yabisi ulikuwa chanzo kwa takriban asilimia 12 ya watu wazima wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, na wagonjwa wa kundi hilo walikuwa vijana kuliko wale wa shinikizo la damu.

Kwa mgonjwa wa ufukweni, tofauti kati ya kurekebishwa na kubadilishiwa valvu huonekana wazi siku anaporudi nyumbani. Valvu ya chuma hudumu miongo mingi, lakini damu hupenda kuganda juu yake, na bonge la damu likichomoka huweza kuleta kiharusi au kuikwamisha valvu yenyewe. Kwa hiyo mwenye valvu hiyo lazima anywe warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku ya maisha yake, na apimwe mara kwa mara jinsi damu yake inavyoganda, kwa kuwa kipimo kikizidi hutoka damu ndani na kikipungua huganda. Dawa hiyo hubadilishwa nguvu na dawa nyingine na hata na chakula, hasa mboga za majani kama kisamvu na matembele, ambazo huliwa kwa wingi zinapopatikana na kukosekana zinapoadimika. Mvuvi wa migebuka na dagaa anayeshika ndoana, nyavu na visu usiku kucha majini hawezi kudharau hatari ya kutokwa damu. Na mwanamke kijana aliyewekewa chuma hukabili hatari kubwa zaidi, kwa sababu warfarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na kuiacha wakati wa ujauzito huweza kuigandisha valvu. Zipo valvu bandia zilizotengenezwa kwa tishu za ng'ombe au nguruwe ambazo hazihitaji dawa hiyo kwa muda mrefu, ila kwa vijana huchakaa mapema na kulazimisha upasuaji wa pili. Valvu iliyorekebishwa humpa mwanamke huyo nafasi ya kuzaa, na humpa mvuvi huyo nafasi ya kurudi majini, pasipo maisha yake kufungwa na maabara iliyo mbali.

Umbali wenyewe haujaisha. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,250 kwa reli ya zamani, na kabla ya hapo mgonjwa wa kijiji cha kusini kama Kalya huanza kwa boti, mahali ambapo kwa miongo mingi meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kurudi kazini chini ya jina hilo mwaka 1927, ndiyo iliyokuwa usafiri mkuu wa pwani ya ziwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni ni kituo cha kupitia kwa watu wa mkoa mzima, ambao kwa miaka mingi umepokea pia wakimbizi wa Burundi na Kongo, wakiwamo wale wa kambi ya Nyarugusu huko Kasulu iliyofunguliwa mwaka 1996; na msongamano wa kambi ndiyo hali ambayo streptokoka huenea kwa urahisi. Katika miaka ya karibuni Taasisi ya Moyo imekuwa ikituma wataalamu mikoani kwa utaratibu wa tiba mkoba, ambapo wagonjwa hupimwa karibu na kwao na wanaohitaji upasuaji hupewa rufaa. Utaratibu huo unagusa kiini cha tatizo, kwa kuwa unapunguza ile miaka ambayo valvu huendelea kuharibika bila mtu kujua.

Vyombo vya kuiwahi vipo. Eko, ambayo Inge Edler na Hellmuth Hertz wa Sweden waliianzisha mwaka 1953 na kuitumia mapema kuichunguza mitrali, sasa hupatikana katika mashine ndogo zinazobebeka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miongoni mwa wanafunzi 2,170 wa Maputo waliopimwa, stetoskopu iliwatambua wagonjwa 5 tu, wakati eko iliwatambua 66. Yaani chombo kilichomfanya Livingstone abishane na watahini wake kilikosa zaidi ya wagonjwa tisa kati ya kila kumi. Na dawa ipo tangu mapema zaidi: mwaka 1950 madaktari wa kambi ya jeshi la anga la Wyoming, Marekani, walithibitisha kwamba penisilini inayotolewa wakati wa mafindofindo huzuia homa ya baridi yabisi, na sindano ya penisilini benzathini, inayodungwa kila baada ya wiki tatu au nne, huwakinga wale waliokwisha kuugua. Utafiti uliofanyika kaskazini mwa Uganda na kuchapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia kwa miaka miwili watoto 818 ambao eko iliwaonyesha dalili za mwanzo kabisa. Miongoni mwa waliodungwa sindano hiyo ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu, na miongoni mwa wasiodungwa kwa asilimia 8.2. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziupe ugonjwa huu nafasi katika mipango yao.

Mambo hayo yakiunganishwa, yanaonyesha kwamba upasuaji wa valvu kwa watu wa Ziwa Tanganyika ni kazi ya watu wengi kabla ya kuwa kazi ya mtu mmoja mwenye kisu. Mzazi anayempeleka mtoto zahanati kwa ajili ya koo linalouma, mwalimu anayejua kwamba magoti yanayovimba kwa zamu si uchovu wa michezo, mganga wa zahanati ambaye hakosi penisilini, mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayekumbusha tarehe ya sindano, na fundi wa eko aliyeko Maweni, wote ni sehemu ya timu ya upasuaji kwa haki kamili. Carpentier na Lillehei waliupa ulimwengu ufundi wa kurekebisha, na Muhimbili imeuchukua ufundi huo ikaufanya wa Kitanzania. Kinachobaki kuamuliwa ni kama mtoto wa Ujiji atafikishwa kwenye meza ya upasuaji akiwa na valvu ambayo bado inaweza kushonwa, na uamuzi huo unafanyika Kigoma, kila mwezi, wakati sindano inapodungwa au inapokosekana.